Mashua za Mfereji wa Tangawizi

Zamu yetu ya maji ni Jumanne. Asubuhi hufunguliwa ndiva, lile bwawa linalokusanya maji ya usiku kucha, na maji hushuka kwa mfereji mpaka kwenye mgao. Pale yanageuzwa, ama yaje shambani kwangu ama yaende kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Baba yao aliwaachia ndugu wawili zamu moja. Anayeanza anamwagilia tangawizi yake kukiwa bado na ubaridi. Anayefuata anamwagilia juani, tena maji yameshapungua.

Ujanani waligombania kuanza mpaka mama yao akachoka. Akawaambia kila mmoja aweke kitu chake kwenye maji ya kwanza, kule juu, na kitakachotangulia kufika mgaoni, mwenyewe aanze. Hivyo ndivyo mashindano yetu ya mashua yalivyoanza. Kwingine duniani sijui yalianzaje.

Mwanzoni yalikuwa magome ya mgomba yaliyokunjwa. Baadaye mume wangu akachonga yake kwa mti wa parachichi. Kisha siku moja, akisubiri gari mgahawani mjini Same, akaona kwenye televisheni mashua za matanga zikishindana baharini, zimelala upande, watu wameketi ukingoni. Alirudi bila sukari niliyomtuma, ana habari hiyo tu. Jumanne iliyofuata mashua yake ilikuwa na tanga la nailoni, na chini msumari mrefu wa kuizuia isipinduke. Msumari ukanasa kwenye mizizi ya kwanza kabisa mferejini. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Hata hivyo alikwenda kushtaki kwa mama juu ya lile tanga, na mama akaamua: tanga marufuku, na mashua ikinasa isiguswe kwa mkono wala fimbo, irushiwe maji tu.

Msibani watu walisema mume wangu alikuwa hashindwi. Si kweli. Alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, na kila wiki alikuwa na kisingizio kipya.

Tulipomaliza kumzika, shemeji akaanza kunitanguliza. Kila nikifika mgaoni nakuta maji ameshayageuzia kwangu, mwenyewe amesimama pembeni, kofia mkononi. Tangawizi yangu ilistawi. Lakini hakunitania tena. Alinisalimia kama mgeni, akaniuliza afya, basi. Nikaona mume nimeshampoteza, na shemeji naye ananitoka hivi hivi, kwa heshima.

Nikachukua panga nikachonga mashua. Ilitoka nene upande mmoja. Jumanne nikampitia nyumbani kwake kabla ndiva haijafunguliwa.

"Ya nini hiyo, shemeji?" akauliza.

"Ya kukushinda."

Akasema mambo hayo alishaacha, nichukue maji tu. Nikamwambia maji ya kuhurumiwa nimeyachoka. Kama hashindani, basi kuanzia leo nitasubiri amalize yeye kwanza, kila wiki. Akaingia ndani, akakaa humo mpaka nikadhani nimemuudhi. Akatoka na mashua yake, ameipangusa vumbi.

Mama mkwe tulimkuta ameshaketi kwenye jiwe la mgaoni. Tukapanda juu, maji yakaachiwa, tukaweka mashua zetu, tukashuka nazo mbio. Yangu ilikwenda ikizunguka kama kuku aliyepotea. Yake ilitangulia vizuri, kisha ikanasa kwenye mizizi. Akasimama anaitazama, mikono nyuma. Angeweza kurusha maji, hakurusha. Yangu ikampita, bado inazunguka.

Nikasimama. "Rusha maji," nikamwambia. "Usiposhindana kwa haki, sirudi hapa."

Alinitazama, kisha akainama akarusha maji mpaka yakanilowesha kanga. Mashua yake ikachomoka, ikaikuta yangu kwenye kona, ikaipita. Mama akamtangaza mshindi bila hata kusimama.

"Shemeji," akasema, ameishika mashua yangu juu kila mtu aione, ingawa tulikuwa watatu tu, "hii ulichonga mashua au mwiko wa ugali?"

Nikamwambia hata mwiko una faida kuliko yeye. Akacheka, akageuza maji kwake.

Alimwagilia tangawizi yote, taratibu, kisha akahamia migomba ya mpakani, ambayo haikuwa na kiu hata kidogo. Jua lilikuwa limepanda. Mama akaniuliza kama amwambie kijana wake afanye haraka. Nikasema amwache.