Kiingereza cha Joanitha

Joanitha Byabato alitua Bukoba mwezi wa nane, wakati kahawa imeanikwa karibu kila uwanja, na alianza kusinzia kabla gari halijafika Kemondo. Binamu yake Audax, aliyekuja kumpokea, alikuwa na maswali mengi kuhusu Japani. Alipogeuka na kuona kichwa chake kimeegemea kioo, alizima redio akaendesha kimya mpaka walipopanda kwenda nyumbani Kamachumu.

Mama yake, Ma Dativa, alimpa ndizi na maharage, akamwacha alale. Kesho yake akamwacha alale tena. Juma lilipokwisha alianza kuwa na wasiwasi. Binti aliyeondoka alikuwa msemaji, hata baba yake, alipokuwa hai, alimwita redio ya Kamachumu. Huyu aliyerudi alijibu kwa kichwa, kisha akatazama migomba.

Kijijini walijua jambo moja tu, kwamba Joanitha anawafundisha Wajapani Kiingereza. Alikwenda kule kwa ufadhili, akasoma shahada ya pili, akaajiriwa kuwa mwalimu msaidizi katika mji mdogo wa kaskazini. Picha alizotuma zilimwonyesha akicheka katikati ya watoto. Padre aliwahi hata kumtaja kanisani, akiwahimiza vijana wasome.

Mchana mmoja, wakigeuza kahawa juani, Ma Dativa aliuliza, "Mwana wange, huko wanakufanyisha kazi gani mpaka umechoka hivi?"

"Kufundisha, mama."

"Na mimi nina watoto wa dada yangu walimu. Hawalali hivi."

Joanitha akaketi kwenye ukingo wa turubai, akaanza kueleza. Alikuwa na shule tatu, kila siku na shule yake. Asubuhi alipanda treni, kisha baiskeli, na majira ya theluji aliiacha baiskeli akatembea. Mlangoni alivua viatu akavaa ndala za ndani. Aliingia ofisi ya walimu akamwinamia kila mmoja, na kila mmoja akamwinamia, kisha wote wakarudi kwenye kazi zao bila neno. Mchana alikula na wanafunzi darasani, wali, samaki na maziwa. Baada ya chakula watoto walifagia shule nzima, naye akafagia nao. Jioni vipindi vyake vilikuwa vimekwisha, lakini hakuna aliyeondoka mapema, basi naye akakaa kwenye kiti chake akikata kadi zenye picha za matunda.

"Hapo sijaona shida," alisema Ma Dativa.

"Shida ilikuja mwaka jana."

Mzazi mmoja alikuwa amepiga simu shuleni. Hakulalamika kwa ubaya. Aliuliza tu kama watoto hawatajifunza matamshi ya Kiafrika. Makamu wa mkuu wa shule alimwita Joanitha, akamkaribisha chai, akazungumza kwa upole, akizunguka sana, kiasi kwamba Joanitha alifika nyumbani ndipo akaelewa alichoambiwa. Kuanzia juma lililofuata, kwenye meza ya darasa la tano kiliwekwa kishikwambi. Ndani yake Mmarekani mmoja alisema neno, watoto wakalirudia. Kazi ya Joanitha ilikuwa kubonyeza, kuinua kadi yenye picha, na kutabasamu.

"Ukiwa umesimama hapohapo?"

"Hapohapo, mama."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikainama."

Ma Dativa aliendelea kugeuza kahawa. Alifika mwisho wa turubai, akarudi. "Sikukuzaa bubu," alisema.

Habari za kurudi kwake zilikuwa zimefika kwa Mwalimu Karugendo, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani, ambaye zamani alimfundisha Joanitha kusoma. Alikuja mwenyewe, akaomba maji ya kunywa, akazungumzia mvua, ndipo akafika kwenye lake. Evelyne, mwalimu wao wa Kiingereza, alikuwa amejifungua. Darasa la sita halikuwa na mtu.

"Waitu, nisamehe Mwalimu, nimekuja kupumzika," alisema Joanitha.

"Najua. Ndiyo maana naomba, siamuru."

Ma Dativa alikuwa mlangoni. Hakumshawishi binti yake. Alisema tu kwamba pasi ina mkaa, kama kuna mtu ana gauni la kunyoosha.

Darasa lilikuwa na watoto karibu tisini, wanne wanne kwenye dawati la watu wawili. Joanitha aliandika kifungu kifupi ubaoni kuhusu Ziwa Victoria, akamsimamisha msichana mmoja asome. Alipofika kwenye neno la Kiingereza la kisiwa, msichana akaitamka herufi ya pili, ile inayoandikwa bila kusomwa. Joanitha akamrekebisha. Mvulana wa nyuma akanyanyua mkono.

"Madamu, kama haisomwi, kwa nini wameiandika?"

Joanitha alifungua mdomo kujibu, akagundua kwamba tangu mwaka jana hakuna mtoto aliyekuwa amemuuliza swali la Kiingereza. Akawaeleza kwamba neno hilo lilivamiwa na herufi ambayo haikuwa yake, kwa sababu wasomi wa zamani walidhani wanalisahihisha. Watoto wakacheka, wakataka maneno mengine yenye herufi za bure. Akawapa mengi. Akawasomesha mmoja mmoja, safu kwa safu, na wale wa nyuma walipolalamika hawasikii, akapaza sauti.

"Madamu, Wajapani wanajua Kiingereza kutuzidi?" aliuliza yule msichana.

"Wanaogopa kukosea, kama ninyi."

Alirudi nyumbani sauti imekauka, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Alilala kabla ya chakula. Lakini asubuhi aliamka mwenyewe, na akaenda, na akaendelea kwenda mpaka likizo yake ilipokwisha.

Alirudi Japani kwa sababu mkataba ulikuwa haujaisha, na hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati. Siku ya kwanza alimwomba makamu wa mkuu dakika chache. Kwa Kijapani alichokipanga safari nzima ndani ya ndege, alisema kwamba angependa kusoma maneno mwenyewe. Kama matamshi yake hayafai, basi wamwambie waziwazi. Makamu alivuta pumzi kwa meno, akainama, akasema watalifikiria. Joanitha alikuwa amekaa kule muda wa kutosha kujua kwamba maana yake ni hapana.

Mwalimu Sugawara, mwenye darasa la tano, mtu mzima asiye na maneno mengi, alikuwa amesikia kutoka kwenye meza yake. Alhamisi ile alikichukua kishikwambi mbele ya watoto, akakifungia kwenye droo. "Leo kimeisha chaji," alisema. Joanitha alisoma, watoto wakarudia, kipindi kizima. Juma lililofuata kishikwambi kilikuwa mezani tena, na Sugawara hakumtazama usoni.

Mwezi wa tatu, mwaka wa shule ulipofika mwisho, walimpa shada la maua na kadi yenye majina ya watoto wote. Waliomba aongeze mkataba. Akainama, akasema atalifikiria, akapanda ndege.

Sasa anafundisha sekondari moja upande wa Kashozi. Wapo watu, Audax akiwa wa kwanza, wanaoona aliichezea bahati, na humwambia hivyo usoni. Yeye habishani nao. Vipindi ni vingi, madaftari ya kusahihisha hayaishi, na mvua ikinyesha juu ya bati inambidi anyamaze asubiri. Jumamosi moja Ma Dativa alikwenda kumtembelea na mkungu wa ndizi, akamkuta amelala mezani, shavu juu ya insha za kidato cha pili, kalamu nyekundu bado mkononi.

Ma Dativa aliitoa kalamu, akaifunga kifuniko. Kisha akatafuta kisu, akakaa mlangoni kumenya.