Kiti cha Pili

Harufu ya gunia la mahindi imejaa ndani ya gari langu la viti viwili, nililorudi nalo kutoka ng'ambo pamoja na diploma yangu ya ufundi wa magari, na dirisha sifungui. Ndivyo kilivyonukia chumba chetu kijijini Naitiri nilipokuwa msichana mdogo. Hapo nilibandika ukutani, kwa uji wa unga, ukurasa wa jarida uliotoka dukani Kitale ukiwa umefungiwa sukari: habari za gari jipya la mbio, jepesi ajabu.

Baba alitaka upande wa pili wa ukurasa, wenye trekta, ndio uonekane.

"Ati gari ya watu wawili! Gunia utabeba wapi, mama?"

Nyumba nzima ilicheka. Alipoanza kuubandua, niliukandamiza kwa viganja vyote viwili.

"Litakaa kiti cha pili, baba. Na nitalifunga mkanda."