Neno la Mtani Msibani kwa Kondo

Kondo amefariki, na mzee Nestory ameitwa msibani Ipuli, mjini Tabora, aje atanie. Yeye Mnyamwezi, marehemu Mzaramo. Utani wao ulianza enzi za mababu zake wapagazi, waliopita kwa Wazaramo wakienda pwani na mizigo kichwani, na mpaka leo msiba usio na mtani wa kuwachekesha wafiwa huonekana umepwaya. Akavaa shati la heshima, akaenda. Moyoni hapakuwa na chuki wala majonzi, hapakuwa na kitu.

Mwaka sabini na nane walikuwa askari mpakani, Kagera, na Kondo ndiye aliyekuwa mkubwa wake. Nestory alitumwa ng'ambo kupeleleza, akajifanya muuza karanga. Alirudi mbio: vifaru vimejipanga, wanavuka wakati wowote, wanakijiji wahamishwe.

"Tangu lini mpagazi akajua kifaru?" Kondo alimjibu mbele ya wenzao. "Umeona punda wa babu yako!"

Jamani, hata utani una mahali pake! Lakini kila Nestory alipokaza sauti, wenzake walizidi kuvunjika mbavu, maana mtani akikasirika ndiyo raha yenyewe. Taarifa ikaishia pale pale. Adui akavuka. Wilbroad, mdogo wake Nestory, alikuwa lindoni siku hiyo. Hakikupatikana hata kiatu chake.

Kwa miaka mingi Nestory aliijenga historia nyingine kichwani: taarifa imesikilizwa, vijiji vimehamishwa, Wilbroad amezeeka na ana wajukuu watundu. Aliijenga mpaka ikamchosha, akaiacha. Kondo naye alikuja kustaafia Tabora. Wakasalimiana, wakataniana, na neno lile halikutamkwa. Leo ilikuwa nafasi ya mwisho ya kulisema mbele ya watu, walau mara moja liaminiwe.

Zuwena, mjane wa marehemu, alimpungia mkono. "Haya mtani, sema na mwenzio kabla hawajamchukua."

Nestory akasimama kando ya jeneza.

"Kondo," alisema polepole, "nilikuambia vifaru vinakuja. Ukacheka. Wilbroad alikufa kwa sababu ulicheka."

 Mtu mmoja akaangua kicheko, na ua zima likafuata. Zuwena alicheka huku akijifuta machozi kwa khanga. Mtani gani huyu, hata uso haumtikisiki!

"Rudia, mzee!" walipaza sauti waliokaa nyuma. "Huku hatujasikia!"

Nestory akarudia.