Marahaba Niliyomwitikia Mama

Jamani, kosa ni langu. Shetani simsingizii, maana siku ile hata yeye angeniuliza, "Wewe, una akili kweli?"

Kijiji chetu kiko kando ya ziwa, ukitoka Mwanza kuelekea Magu. Wanaume walivua, wanawake walianika dagaa. Mama yangu alikuwa na jiwe lake, kubwa, bapa, linalopata jua tangu asubuhi. Dagaa wake hawakuwa na mchanga, na wachuuzi wa soko la Buzuruga waliwagombania. Kijiji kizima kililiita Jiwe la Mama.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara na wageni wakafunguliwa milango. Mimi nimemaliza sekondari, kazi sina, nina miwani ya jua ya mtumba na Kiingereza cha kuombea maji. Akatokea mzungu na kamera, akaniuliza jiwe lile linaitwaje. Nikamwambia. Akauliza, mama yupi?

Ningesema "mama yangu" yangeishia hapo. Lakini nikaona aibu! Kijana msomi kama mimi, nimtaje mwanamke anayenuka dagaa? Nikasema ni Mama wa Ziwa, mzimu mkubwa, na kulipanda lazima uvue viatu.

Mzungu akavua pale pale! Nikatangulia peku, nimekunja uso kama padri. Dagaa wakamnata kwenye nyayo, akauliza ni nini. Nikamwambia ni sadaka.

Akarudi na wenzake, na wenzake wakaleta wengine. Mwekezaji kutoka mjini akajenga hoteli, akaipa jina la jiwe. Vijana wakapata kazi ya kufua mashuka. Mimi nikawa mtunza mzimu, nimevishwa shuka jekundu ambalo ukoo wetu wote haujawahi kulivaa. Mama aliponiona alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, wamekuoa?"

Kisha bosi akaniita. Wageni wanalalamikia harufu. "Mwambie yule bibi asianike tena pale."

Yule bibi! Hapo ndipo pa kusema, "Bosi, jiwe ni lake, mzimu niliutunga mimi." Nikajibu, "Sawa, bosi." Na nyumbani sikumwambia mama kitu. Nilikula ugali wake nikalala.

Asubuhi mama akaja na beseni lake kichwani. Mimi niko juu ya jiwe na wageni. Mlinzi, mtu wa Mabatini kule mjini, asiyetujua, akamzuia. "Bibi, hapa ni kwenye mzimu. Ukitaka kusali vua viatu. Dagaa, hapana."

Mama akanitazama. Mimi nikatazama ziwa, kama ndiyo kwanza naliona!

Akatua beseni. Akavua kandambili, akazipanga vizuri. Halafu yeye, aliyenizaa, akanipigia goti mbele ya watu wote.

"Shikamoo, baba."

Wageni wananitazama, kamera zimeinuliwa. Na mimi mpumbavu wa kutupwa nikainua mkono, nikaitikia.

"Marahaba."

Aliondoka bila kuvaa kandambili. Nilizipeleka jioni, alizipokea, akanikaribisha chakula kama mgeni. Sasa anaanika mchangani, wachuuzi wanampita. Kila nikitafuna dagaa wake, mchanga unalia kwenye meno, naye ananiuliza kwa upole, "Wako sawa, mheshimiwa?" Lile jina lake la "baba" haniiti tena.

Kazi bado ninayo, na shuka pia. Nyie vijana wenye miwani, hoteli zinakuja hadi kwenu. Mtu akiwauliza ni mama yupi, semeni, mama yangu.