Mkono wa Marwa

Juzi kliniki nilimsikia nesi akimwelekeza mama aliyebeba mtoto mwenye malengelenge mwili mzima: "Usimvute mkono, mama. Mwinue na shuka lake."

Nikamkumbuka mdogo wangu Marwa. Ngozi yake ilitoka malengelenge kwa kuguswa tu. Mama alidhani ni jua, akawa anampaka samli.

Siku tuliyohamia kijiji cha ujamaa tulipandishwa lori, juu ya magunia ya mtama. Lilinuka dizeli na ile samli.

"Ghati, mshike sana mdogo wako, asianguke," mama alisema.

Nikamshika mkono. Alilia njia nzima. Nilidhani anaogopa lori, nikazidi kukaza.

Tulipofika nikamwachia. Ngozi ya vidole vyake ilibaki kiganjani mwangu.

Marwa akaninyooshea mkono wa pili, nimshushe.