Mtunza Kaseti wa Nyasho

Kila asubuhi, kabla hata ya kufungua dirisha la duka, Fatu alikuwa akitoa kaseti kwenye kopo, akichomeka kalamu ya biki kwenye tundu lake na kuizungusha taratibu mpaka utepe ukaze. Kisha aliinua kaseti kwenye mwanga wa mlangoni, akafumba jicho moja, akatazama kama kuna mahali utepe umejikunja. Akiridhika aliipangusa kwa pindo la kanga na kuchukua nyingine. Watoto wa Nyasho, mtaa wa Musoma, waliokuwa wakipita kwenda shule walimjua kwa hilo.

"Mama Shani anasaga redio!" walipiga kelele.

"Nasaga masikio yenu," Fatu aliwajibu bila kugeuka.

Duka lilikuwa la Mzee Hamduni. Aliuza vipuri vya injini za mitumbwi, nyavu, minyororo ya baiskeli na misumari, na alikuwa na duka la pili Bunda. Ile miaka ya shida, maduka yote mawili yalikuwa na rafu tupu, na Fatu, karani wake, alishinda akiwaambia watu hakuna. Halafu serikali ikaruhusu wenye fedha zao walete bidhaa kutoka nje. Katika mwaka mmoja rafu zikajaa, stoo ikajaa, hata chini ya kitanda cha Mzee kukawa na maboksi. Ikawa hajui tena ana nini.

Ndipo Rashidi, mtoto wa dada yake, akarudi kutoka Nairobi na kompyuta. Ilikuwa ndogo kama sinia la chai, ikiunganishwa kwenye televisheni ya video ya Mzee. Bidhaa zote zikaingizwa humo. Tatizo lake lilikuwa moja: ukizima umeme, inasahau kila kitu, kama haijawahi kukuona. Kila kilichoingizwa ilibidi kihifadhiwe mahali pengine, ama kwenye disketi, ama kwa kurekodiwa kama mlio kwenye kaseti ya redio, na hapo ndipo pakazuka ubishi.

"Mjomba, tununue mashine ya disketi," alisema Rashidi. "Inahifadhi kufumba na kufumbua. Kaseti za redio ni mambo ya watoto."

Mzee Hamduni alimgeukia Fatu, kama alivyomgeukia kwa kila jambo. "Mama Shani, unasemaje?"

"Hiyo mashine ikiharibika nani ataifungua?"

"Tutaipeleka Nairobi," alijibu Rashidi.

"Na disketi zikiisha?"

"Tutaagiza Nairobi."

"Basi duka nalo lihamie Nairobi," alisema Fatu, na Mzee akacheka mpaka kofia ikamteleza.

Zikashinda kaseti. Duka lilikuwa na redio kaseti mbili, na moja ikiharibika, mafundi walikuwapo hapo hapo Nyasho. Fatu, aliyeishia darasa la nane, akazitungia kaseti sheria, na sheria zake hazikuwa na mchezo. Za dakika tisini alizikataa kwa sababu utepe wake ni mwembamba, unaliwa na redio. Kila kaseti iliandikwa pande zote mbili, kisha ikasomwa upya kuhakikisha. Nakala moja ilikaa kando ya kompyuta. Ya pili ilikaa kwenye kopo lenye mchele mkavu chini, wa kunyonya unyevu wa ziwa, mbali na spika za redio kwa sababu sumaku hufuta. Ya tatu ilikwenda Bunda kila Jumatatu na gari la mzigo, ili Musoma ikiungua, Bunda ikumbuke. Kaseti ikishaandikwa, alikuwa akivunja kwa kisu vile viplastiki viwili vya mgongoni, ili redio isikubali tena kurekodi juu yake.

Shani, binti yake wa pekee, alikuwa mwalimu Butiama. Kila Jumamosi alipanda gari kuja kumwona mama yake, akamkuta dukani, akakaa juu ya boksi akisahihisha madaftari huku mama akizungusha kalamu yake. Alizisikia sheria hizo mara nyingi kiasi cha kuzichoka. Lakini alijua pia kwamba ndani ya kopo lile, chini kabisa, palikuwa na kaseti isiyo ya duka. Hiyo ilikuwa sauti ya baba yake.

Nassibu alikuwa fundi wa injini za boti, mvivu wa kuandika barua kupita kiasi. Alipopata kazi Mwanza alituma kaseti badala ya barua. Aliwasalimia, akalalamikia dagaa wa kule, akakohoa, akamkaripia mtu aliyekuwa akigonga chuma karibu naye. "Nyamaza wewe, naongea na nyumba yangu!" Kisha upande wa pili alisema na Shani peke yake. Alimwita "mwalimu", naye Shani wakati huo alikuwa bado msichana wa shule asiyejua atakuwa nani. Kabla ya mwaka kwisha Nassibu alirudishwa nyumbani na homa, katika siku ambazo hata klorokwini ilitafutwa kwa kujuana, akafa.

Nyumbani kwao chumba kilikuwa na unyevu, ndiyo maana Fatu aliitunza kaseti ile dukani, kwenye mchele. Waliisikiliza Idd tu. Shani akiomba siku nyingine mama alikataa. "Utepe unalika, mwanangu. Kila ukiusikiliza unaupunguza." Hakuandika kitu juu yake wala hakumwambia mtu wa dukani. Lakini mwaka ule, posa ya Shani ilipokubaliwa na siku ya ndoa kutajwa, Fatu mwenyewe alisema: "Asubuhi ya ndoa tutamfungulia baba yako. Naye aseme neno." Tangu hapo Shani hakungoja harusi kama alivyoingoja sauti ile.

Jumamosi moja, ndoa ikikaribia, Machage aliyesimamia duka la Bunda alifika na furaha zake, mkononi ana kifurushi.

"Mama Shani, kaseti mnazonileteaga zilikuwaga mbovu kabisa. Niliweka kwenye redio, inalia kiii, kama mbuzi amebanwa na mlango."

Fatu aliiweka kalamu chini. "Ukafanya nini, Machage?"

"Nimewasaidia! Mdogo wangu alikuwa anaoa, na kaseti tupu hazipatikani. Nimerekodia zeze letu la litungu. Sasa zinasikilizika."

"Umerekodia ngapi?"

"Zote. Harusi ya Kikurya siyo ya saa moja, dada yangu."

Fatu alimtazama, midomo ikaanza kumcheza, akacheka mpaka akakaa juu ya boksi la nati. "Umepiga litungu juu ya duka zima, Machage! Mzee akiuliza nyavu, tutamchezea." Walicheka wote, na Shani akafuta machozi ya kicheko. Mama yake hakucheka tena hivyo kwa muda mrefu.

Bunda ikawa haina kumbukumbu. Nakala za Musoma zilibaki salama, lakini Mzee aliingiwa na wasiwasi, akaamuru mali yote ihesabiwe upya. Hesabu haijaisha, Fatu akafiwa na shangazi yake kijijini Bukima, akaenda mazikoni. Rashidi akabaki peke yake na kompyuta.

Aliandika kutwa nzima, kwa moyo, kama mtu anayetaka kusifiwa. Alasiri taa zikaanza kufifia na kurudi, kufifia na kurudi. Alikimbilia kuhifadhi. Redio ikaila kaseti ya kwanza, utepe ukatoka nje kama utumbo. Droo ya kaseti mpya ilikuwa imefungwa, na Fatu alikuwa na ufunguo Bukima. Rashidi akafungua kopo. Hakutaka kugusa zenye maandishi, kwa sababu alizijua sheria. Akachimba kwenye mchele, akaikuta moja isiyoandikwa chochote. Plastiki zake za mgongoni zilikuwa zimevunjwa. Hilo halikumshangaza. Nani siku zile hakuwa akinunua kaseti ya nyimbo, akichoka nayo akaziba yale matundu kwa karatasi na kurekodi zake? Alitafuna kipande cha karatasi, akaziba, akabonyeza.

Fatu alirudi Jumamosi na kumkuta Shani dukani akimsubiri. Walikuwa wamepanga kuichukua kaseti waipeleke nyumbani, kwa sababu ndoa ilikuwa wiki iliyofuata. Fatu aliingiza mkono kwenye mchele, akautoa mtupu.

"Mama Shani, iko hapa," alisema Rashidi akitabasamu, akaionyesha kando ya kompyuta. Alikuwa ameiandika kwa herufi kubwa: MALI YOTE. "Umeme ulitaka kutuua juzi. Lakini nilihifadhi. Hakuna kilichopotea."

Fatu aliushika mgongo wa kaseti, akakigusa kile kipande cha karatasi kwa ukucha.

"Uliandika pande ngapi?" aliuliza.

"Zote mbili, Mama Shani. Kama ulivyonifundisha."

Shani aliichukua kutoka mkononi mwa mama yake na kuitia kwenye redio. Ililia kiii. Akageuza. Ikalia. Aliiacha ilie mpaka mwisho, akitega sikio, labda mahali fulani kumebaki kikohozi. Rashidi alitazama uso mmoja baada ya mwingine, tabasamu likimkauka, na alipoambiwa ilikuwa kaseti ya nani alishika kichwa, akachuchumaa pale pale chini.

Fatu hakumkemea. Alivuta kiti, akaisomesha kaseti kwenye kompyuta, kwa sababu kila kaseti husomwa upya kuhakikisha. Ikasoma vizuri. Nati, minyororo na nyavu vikapanda kwenye kioo mstari baada ya mstari, bila kosa hata moja, naye akavifuata kwa kidole mpaka mwisho.

Ndoa ilifungwa. Asubuhi yake Shani alikaa na hina mikononi akijaribu kulisema neno "mwalimu" kwa namna alivyolisema baba. Lilimtoka kwa sauti yake mwenyewe. Alijaribu tena, polepole, na kila alipojaribu lilizidi kuwa lake.

Baada ya wageni kuondoka alimkuta mama yake uani akikosha masufuria. Akachuchumaa kando yake, akashika moja. Alifikiria zile nakala tatu za bei za misumari, redio mbili za dukani, droo ya kaseti mpya ambayo ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa mama.

"Mama," alisema, "ya baba kwa nini hukuitolea nakala?"

Fatu alimimina maji machafu, akakisimamisha kisufuria kikauke.

"Kaseti mpya zilikuwa za duka," alisema.