Siku Wimbo Ulipowekwa Mnadani Newala

Kama umenunua baiskeli kuukuu Newala miaka hii miwili, hebu angalia madigadi ya nyuma. Huenda yameandikwa VUMBI JEKUNDU kwa rangi nyeupe. Watu wengi wanadhani hiyo ni aina ya baiskeli. Kuna baba mmoja alitoka Chiwata mpaka Newala na pedali mkononi akitafuta spea za Vumbi Jekundu, na alipoambiwa kwamba Vumbi Jekundu ni bendi ya muziki, akakasirika kama mtu aliyetapeliwa.

Aliyeandika maneno hayo ni Fikirini, fundi baiskeli wa pale sokoni. Mchana anaziba pancha, jioni anapiga gitaa la besi na kuimba. Kila baiskeli iliyopita mikononi mwake ilitoka na jina la bendi, mwenyewe hakuulizwa. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kwanza ya kujitangaza. Ya pili ilikuwa kupiga muziki kwenye foleni ya maji. Newala maji yakitoka watu wanajipanga na ndoo tangu asubuhi, Fikirini akasema hawa hawana pa kukimbilia. Kweli hawakukimbia. Ila Mabel, fundi cherehani anayewapigia dramu, alipoanza tu, maji yakakatika. Akina mama wakasema ni mkosi wa hizo ngoma, na bendi nzima ikafukuzwa kwa ndoo tupu!

Sasa Fikirini alikuwa amebakiwa na siku tatu. Chrispin, mpiga solo wao, kijana wa Lupaso mwenye vidole ambavyo ukivitazama unasahau kufunga mdomo, alikuwa ameitwa kupiga kwenye hoteli moja Mtwara. Tiketi ya basi la Jumamosi ilikuwa tayari mfukoni. Na Vumbi Jekundu bila Chrispin ni baiskeli bila mnyororo, unakanyaga tu huendi popote.

"Kaka Fikiri, sijakuchoka wewe," Chrispin alimwambia. "Nimechoka kupigia mbuzi gitaa. Mara ya mwisho walikuja watu wanne, na wawili walikuwa wanasubiri pancha."

"Nipe mpaka Ijumaa. Tukipata mtu mmoja tu wa kutuita tukapige kwake, unabaki?"

Chrispin akacheka. "Mmoja? Haya. Lakini asiwe mama yako."

Ijumaa ilikuwa siku ya mnada wa korosho. Siku hizi bei za wanunuzi zinaonekana kwenye skrini, lakini miaka michache tu nyuma wanunuzi walikuwa wanaziandika kwenye karatasi, wanazifunga kwenye bahasha na kuzitumbukiza kwenye sanduku la mbao, halafu zinafunguliwa mbele ya wakulima wote. Bei ikishasomwa, wakulima ndio wenye neno la mwisho: "Tumekubali!" au "Tumekataa!" Sanduku lenyewe lilikuwa limebaki ghalani, limepangiwa chupa tupu za soda.

"Shikamoo, Mzee Jumanne," Fikirini alimwamkia katibu wa chama cha msingi cha wakulima, siku moja kabla ya mnada.

"Marahaba. Pancha yangu tayari?"

"Tayari, mzee. Nilikuwa naomba lile sanduku. Nataka kuuza wimbo."

Mzee Jumanne akavua miwani. "Kuuza nini?"

"Wimbo. Kwa zabuni, korosho zikishauzwa."

Mzee akavaa tena miwani. "Ukipigwa mawe, Fikirini, sanduku lirudi zima."

Ijumaa baada ya swala uwanja wa ghala ulijaa. Bahati nzuri bei ya korosho ilikuwa ya kueleweka, wakulima wakaikubali kwa sauti moja, wakaanza kujipangusa vumbi waondoke. Hapo hapo Fikirini akadaka kipaza sauti.

"Wazee wangu, mama zangu, msiondoke! Kuna mzigo mmoja umebaki ghalani!"

Watu wakakaa tena. Mzigo gani huo? Kabla hawajaulizana, Mabel akapiga dramu na bendi ikaingia na wimbo wao mpya, "Nitakungoja Kitangari". Ulipoisha, Fikirini akagawa vipande vya karatasi vya daftari.

"Andika utakachotoa ili wimbo huu tuje kuupiga kwako. Si lazima pesa! Mwenye bei ya juu tunamfuata mpaka nyumbani!"

Uwanja ukavuma kama mzinga wa nyuki. Miaka yote hawa watu ni wauzaji, wanaletewa bei wanaguna. Leo eti wao ndio wanunuzi! Mzee mmoja mwembamba, Halfani, akasimama na kofia yake mkononi.

"Jamani, leo na sisi tuwabane!"

Karatasi zikaingia sandukuni. Mzee Jumanne akazifungua moja moja, akazisoma kwa sauti ile ile ya kusomea bei za korosho.

"Muhogo mmoja mbichi." Watu wakaangua kicheko. "Mabibo debe moja, yaliyoanguka juzi. Kuku mmoja, lakini ni wa jirani. Na bei ya juu... wali na maharage sahani tatu, wapige mpaka sisi wenyewe tushibe."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Fikirini hakucheka. Sahani tatu za wali! Lakini si ni mtu? Si amewaita? Mmoja anatosha, ndivyo walivyopatana. Akainua kipaza sauti.

"Tumeku..."

Hakumaliza. Chrispin alimpokonya.

"Tumekataa!"

Uwanja mzima ukamgeukia. Fikirini alikuwa amempata mtu mmoja, na Chrispin mwenyewe ndiye anamkataa!

"Baba yangu ni mkulima," Chrispin alisema, huku jasho linamtiririka. "Nimekaa kwenye minada hii tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Mzigo safi hauuzwi bei ya kutupa. Huu ni daraja la kwanza! Sikilizeni tena, halafu mlete bei ya watu wazima!"

Akapiga ile solo. Lo! Sijui nyuzi zilivumiliaje.

"Wamekataa! Wamegoma!" Habari ikatoka getini mbio, na waliokuwa wameshafika barabarani wakarudi mbio pia. Kukataa bei ni kitu wanachokijua na kukiheshimu. Anayekataa ana mali. Kumbe hawa vijana wana mali!

Safari hii kuna walioshindwa kusubiri karatasi. Mama Faidha, mfanyabiashara wa Tandahimba, alisimama na kanga yake akaifunga upya kiunoni.

"Wanangu wawili wanatoka jandoni Desemba. Siku mbili, chakula, na gari la kuwafuata hapa."

"Mimi naoza mjukuu Januari," Mzee Halfani akadakia. "Siku tatu! Na mbuzi!"

"Siku tatu, mbuzi, jenereta, na nawalipa kama wanavyolipwa wa Mtwara!"

"Mama Faidha, wewe unataka kuniaibisha!"

"Baba, mnada ni mnada."

Mzee Jumanne akagonga sanduku. "Wauzaji, mnasemaje?"

Kwa desturi ya mnada wauzaji wote lazima wakubaliane. Mabel akamtazama Fikirini, Fikirini akamtazama Chrispin. Chrispin hakuwa na haraka. Alimtazama Mama Faidha kama mtu anayekata korosho katikati aone kokwa yake ikoje.

"Mama, hilo gari lina nafasi ya dramu?"

"Lina nafasi hata ya ng'ombe, mwanangu."

Chrispin akatoa ile tiketi, akafutia jasho la shingoni, akaitupa.

"Tumekubali!" wakapiga kelele wote watatu, na uwanja ukawapokea kwa vigelegele. Fikirini aliruka akamkumbatia Chrispin pamoja na gitaa lake, nyuzi zikalia vibaya.

Alikuwa bado anaruka alipohisi mtu anamvuta shati kwa nyuma. Mzee Halfani.

"Sasa sikia, kijana. Mimi wa pili. Januari, siku tatu, na mbuzi wangu yuko pale pale. Mnakubali?"

Fikirini akafungua mdomo. Chrispin akamuwahi.

"Mbuzi mmoja, babu? Tumekataa."